Maua Yenye Uzi Mwekundu

Kwa binti yangu, ghorofa ya tatu
4 Juni

Mkwe wangu, Fundi Miwani,

Nimefika. Nilipandishwa ngazi arobaini na nane na wanaume wawili waliokuwa wakihema kama wamebeba kabati, na mmoja akathubutu kuniambia nitulie. Nimetulia. Humu hakuna kazi nyingine. Wifi yako ananilisha kana kwamba ananinenepesha kwa ajili ya mnada, na dirisha langu linatazama ukuta wa jirani.

Usinipigie simu. Masikio yangu yaliishia kwenye cherehani, miaka thelathini na minne ya kelele, na nikizungumza na simu jengo zima linapata habari zangu. Andika. Barua inachukua siku nne, lakini inasubiri mtu amalize kusema.

Sasa sikiliza. Airisi zangu, yale maua ya mteremkoni nyuma ya jikoni. Najua kwako yote ni majani tu yaliyosimama kama panga. Yako mashina sitini na moja. Thelathini na tisa huchanua mara moja kwa mwaka na yameshamaliza. Ishirini na mawili huchanua mara mbili: yalichanua Aprili, na yatachanua tena Septemba yakipata matunzo. Hayo nimeyafunga uzi mwekundu kwenye jani la chini.

Yenye uzi yape maji mara mbili kwa wiki, asubuhi, chini kwenye udongo, si juu ya majani. Mimina taratibu mpaka maji yazame shubiri nzima, kisha acha udongo wa juu ukauke kabla hujarudi. Yasiyo na uzi usiyape hata tone. Ukiyalowesha miezi hii, kile kiazi chake kinachofanana na tangawizi kitaoza, na harufu yake itakuharibia chakula cha mchana.

Shida ni kwamba yamechanganyika. Niliyapanda kwa rangi, meupe juu kabisa ya mteremko, halafu manjano, halafu samawati, mpaka yale ya zambarau iliyokolea kule chini karibu na bomba, kama nilivyokuwa nikipanga nyuzi dukani. Kwa hiyo utapanda na kushuka na ndoo ukitafuta uzi. Ndivyo nilivyoanguka, lakini wewe bado una miguu.

Daktari amesema wiki sita. Septemba itanikuta barazani kwangu, nikiyatazama.

Mama mkwe wako


Barua iliyoachwa chini ya kopo la sukari
Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu,

Naondoka, gari la mafundi umeme linanisubiri. Nitarudi Ijumaa. Nakuandikia kwa sababu tukisema kwa mdomo wewe unalia na mimi napaza sauti, halafu hakuna linaloamuliwa.

Nimeona ndoo imelowa. Nilikuomba usimwagilie.

Mimi na dada tumeshakubaliana: Mama abaki huko kwa dada. Tukimwambia hivyo waziwazi atashuka zile ngazi kwa makalio na kuja. Unamjua. Kinachomvuta huku ni yale maua. Yakifa yenyewe kwa jua, bila mtu kuyagusa, atalia wiki moja na kisha atakaa. Sina njia nyingine.

Usinifikirie vibaya. Wewe ulimkuta, lakini mimi ndiye niliyemwinua. Alikuwa amelala pale juu tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Midomo imepasuka. Sisimizi walikuwa wakipita shingoni kwake na hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Ananiambia, "Mwanangu, usikanyage meupe." Siwezi kumwokota mama yangu mahali pale mara ya pili.

Jumamosi ya tarehe 26 Julai nitaleta watu wa kutandaza matofali mteremko wote. Mpaka siku hiyo, mwandikie kwamba mambo ni mazuri.

Mumeo


Nyumbani
12 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mwanao yuko kazini mpaka kesho, na mimi niko dukani kama kawaida. Leo nimesaga lenzi za mzee mmoja aliyekuwa akivaa miwani ya marehemu mkewe kwa miaka minne na kulalamika kwamba magazeti siku hizi yanachapwa vibaya.

Maua hayajambo. Ninafuata ulivyoniagiza, asubuhi, chini kwenye udongo. Uzi unaonekana vizuri. Usiwe na wasiwasi nayo hata kidogo, wewe shughulika na nyonga yako.

Unakula? Unalala?

Mkweo


Ghorofa ya tatu
21 Juni

Fundi Miwani,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na si kwa utamu wake, ni kwa ufupi. Nilitarajia kusikia habari za mashina sitini na moja, umeniletea mzee na miwani ya marehemu. Nilicheka lakini.

Mimi naendelea. Natembea kwa fimbo, kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi. Daktari ameshangaa. Mwambie mwanangu hivyo, maana aliponipakia kwenye gari alikuwa na uso wa mtu anayesindikiza jeneza.

Sasa nijibu maswali kama mtu mzima. Yenye uzi yameanza kutoa majani mapya katikati? Na yasiyo na uzi, yale ya samawati katikati ya mteremko na yale meupe makubwa kule juu, yakoje? Usiniandikie "hayajambo." Watoto wa jirani ndio hawajambo. Niambie unachokiona.

Mama mkwe wako


Nyumbani
28 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi mno kusikia habari za fimbo. Nimemwambia mwanao, akasema vizuri.

Umeuliza ninachokiona. Jana nimezunguka yote kwa makini, kuanzia juu mpaka kwenye bomba. Yenye uzi yana majani mapya, mabichi kabisa, marefu kama kidole cha kati. Na yasiyo na uzi pia. Yale meupe makubwa yametoa majani mapya matatu matatu, na ya samawati vilevile. Bustani nzima ni kijani kitupu. Jirani amepita akasema hajawahi kuiona imependeza hivi.

Kwa hiyo pumzika, Mama. Hakuna haja ya kuharakisha kurudi.

Mkweo


Ghorofa ya tatu
5 Julai

Wewe,

Yasiyo na uzi hulala wakati huu. Kila mwaka, tangu nilipoyapanda. Ncha za majani yake hukauka na kukunjamana kama karatasi iliyoachwa juani, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Hayatoi jani jipya mwezi huu, matatu matatu wala moja. Ukiniambia yako kijani kitupu, basi ama umeyazamisha kwenye maji na sasa yanaoza, ama hujayatazama kabisa.

Ungeniandikia, "Mama, haya mengine yanakauka, naogopa," ningekuamini na ningelala. Umeyafanya mazuri kupita kiasi. Mtu anayetengenezea wenzake macho kutwa nzima, ameshindwa kutoka mlangoni kwake akatazama.

Na hilo la kwamba hakuna haja ya kuharakisha. Nimekaa nalo siku mbili. Nani kakwambia uandike hivyo?

Nina miaka sabini na moja. Nimewapima watu vifua na viuno maisha yangu yote, na wote walibana pumzi wakidhani sioni. Niambie kinachoendelea nyumbani kwangu.

Mama yake mumeo


Nyumbani
11 Julai

Mama,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaipokea.

Sijamwagilia tangu tarehe 9 Juni. Yote niliyokuandikia niliyatunga mezani, dirisha la upande wa bustani likiwa limefungwa kwa pazia. Barua yako ilipofika niliisomea mlangoni nimesimama, nikaenda juu nikiwa na viatu vya kazini. Nimebonyeza kila kiazi chenye uzi kwa kidole. Kumi na saba bado ni vigumu. Vitano ni vyepesi, vimebaki ganda. Yasiyo na uzi yamelala kama ulivyosema.

Mwanao na wifi wamekubaliana ubaki huko moja kwa moja. Aliniomba nisimwagilie ili yafe, usiwe na cha kukurudisha. Jumamosi ya tarehe 26 analeta matofali. Usimchukie. Ameota mara mbili kwamba anakuokota, na mara zote mbili ameamka akinilaumu mimi kwa kuchelewa kurudi.

Naye ana haki. Asubuhi ile ulipoanguka uliniomba nikujazie ndoo mbili na kuzipeleka juu kabla sijatoka. Nilisema nimechelewa. Sikuwa nimechelewa, Mama. Nilikuwa nimechoka kutumwa. Nilikaa kituoni dakika ishirini kabla gari halijafika, nikifurahia upepo. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Ndiyo maana nilipoambiwa nidanganye, nilidanganya, kwa sababu nilidhani ukibaki huko sitalazimika kukutazama usoni kila siku nikilijua.

Nimefikiri tangu jana. Ulianguka kwa sababu yale ishirini na mawili yametawanyika mteremko mzima na bomba liko chini. Tukiyakusanya yote mahali pamoja, kwenye lile tuta chini ya ukuta wa jikoni karibu na bomba, mtu ataweza kuyamwagilia kwa mpira akiwa amekaa kwenye kiti. Yanayolala yatabaki juu peke yake, na hakuna atakayehitaji kupanda huko miezi ya kiangazi. Nikimwonyesha mwanao kwamba mteremko hauhitajiki tena, huenda akasikia.

Lakini itabidi nivunje mpango wako wa rangi. Sitagusa mpaka uniruhusu. Tafadhali jibu haraka, tarehe 26 si mbali.

Mkweo


Ghorofa ya tatu
16 Julai

Mkwe wangu,

Nimekasirika, na ningekuwa karibu ungejua. Hasira ya zile ndoo imedumu kuanzia asubuhi hadi chai ya saa kumi. Halafu ikaisha, kwa sababu mimi pia nilikuwa na mama mkwe, na nilimchelewea mara nyingi tu.

Sasa na mimi niseme. Sitembei. Sijatembea tangu nilipofika. Fimbo ipo, imeegemea ukutani, wifi yako anaitumia kuvutia pazia. Daktari hakushangaa. Alinivuta pembeni, kama mtu anayelala kitandani anaweza kuvutwa pembeni, akaniambia nyonga imeunga vibaya na nizoee kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimekusudia kukwambia nikiwa nimeshafika mlangoni, msiweze kunirudisha. Wewe umenidanganya kwa majani, mimi nimekudanganya kwa miguu, na sote wawili tumezidisha chumvi.

Umeniomba ruhusa ya kuyahamisha. Ukihamisha airisi mwezi huu, hata ikishika, haitachanua Septemba. Inatumia nguvu zote kutafuta mizizi. Maana yake mwaka huu sitaona kitu. Na mimi sina uhakika nina miaka mingapi ya kusema "mwakani." Na lile la rangi, lilinichukua miaka tisa kulipanga.

Basi mwambie mwanangu alikuwa sahihi. Mwanamke asiyeweza kusimama anataka bustani ya nini? Mwache atandaze matofali yake. Wifi yako ni mtoto mzuri, na ukuta wa jirani nimeanza kuuzoea.

Usiyaguse. Yaache yafe mahali pake.

Mama


Nyumbani
Jumapili, 27 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe 20. Nilikuwa nimeshayachimba tarehe 18.

Nilisema nitasubiri, na sikusubiri. Ijumaa ile niliomba ruhusa kazini, nikaanza saa mbili, maana nilijua mwanao angerudi jioni na ningekosa ujasiri. Niling'oa yote kumi na saba nikayatia kwenye mabeseni mawili ya kufulia. Hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kuyaweka kwa mpangilio, la juu kwanza, la chini mwisho, lakini niliharakisha, yakachanganyika, na nilipofika chini yote yalikuwa majani tu. Sijui lipi ni jeupe wala lipi ni zambarau. Nimeyapanda kwenye tuta la jikoni hivyohivyo, mgongo wa kiazi ukitazama jua, majani nimeyapunguza nusu. Nilitumia ule mkasi wako mkubwa wa kukatia vitambaa. Najua.

Mwanao alifika jioni. Aliniona nimelowa tope mpaka magotini, akaingia kuoga. Wiki nzima hatukusemeshana.

Jana matofali yalikuja. Lori zima, na watu wanne. Walianza kushusha, na mimi nikaenda kukaa juu ya mteremko, mahali palepale ulipokuwa umelala. Mwanao akapanda, akaniambia niondoke nisimtie aibu mbele ya mafundi. Nikampa barua yako.

Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye yale maneno ya ukuta wa jirani akaketi. Nilimwambia na habari ya zile ndoo, Mama, papo hapo, kwa sababu nisingesema jana nisingesema tena. Hakunitazama. Mafundi wakawa wanatazama saa zao. Mwishowe aliniuliza, "Kwa hiyo hatembei?" Nikasema hatembei. Akasema, "Na bado alitaka kuja?" Kisha akafunika uso kwa barua yako akalia, mtoto wako, mbele ya watu wanne wasiomjua.

Akashuka. Alichukua futi akapima mlango wa jikoni: sentimita themanini na mbili. Kiti cha magurudumu ni sitini na tano. Akawaambia mafundi waache mteremko, watandaze kutoka mlangoni hadi kwenye bomba, wasawazishe kabisa, pasiwe na hata ngazi moja. Wamemaliza jioni. Matofali yaliyobaki ni mengi sana, tumezingirwa.

Usidhani amekubali. Amesema, "Sijakubali, nimepima tu mlango." Anaogopa bado. Mimi pia naogopa. Nimezungumza na mwenye duka, nitakuwa nikiingia kazini saa saba mchana, na mwanao anabadilisha zamu, aache kazi za safari, awe nyumbani mapema kila siku. Kuna saa mbili katikati ambazo hatuna mtu, na sitakuficha hilo. Na hayatachanua Septemba. Na rangi nimekuvurugia. Sina kizuri cha kukuandikia, Mama, ila kwamba mlango unatosha.

Wewe ndiye utakayeamua. Atakuja kukuchukua ukisema aje, na usiposema hatutakusumbua tena.

Mkweo


Ghorofa ya tatu
1 Agosti

Mkwe wangu,

Ule mkasi usiutumie tena, hata kwa karatasi. Umeshakufa.

Barua yako nimempa wifi yako aisome, maana nimechoka na siri. Ameisoma, amelia, ameniambia nikienda nisitegemee atanipandisha ngazi tena, kisha ameanza kukunja nguo zangu. Sasa hivi anatafuta begi.

Kuhusu zile saa mbili. Nitazikaa peke yangu. Mwambie mwanangu nimesema hivyo nikiwa na akili zangu zote. Nitakaa kwenye kiti, juu ya matofali yake, na sitainuka kufuata kitu chochote, hata nyumba ikiwaka moto. Akitaka niape, nitaapa. Lakini asiniwekee mtu wa kunitazama nikipumua. Nimepata hiyo huku miezi miwili na inaua haraka kuliko jua.

Kuhusu rangi, nilikaa chini kukuandikia orodha, lipi lilikuwa wapi, ili uyapange upya. Nimefika la nne nikaiacha. Yameshashika udongo, usiyasumbue. Hakuna kati yetu anayejua lipi ni lipi, na hatutajua mpaka Aprili yatakapofungua yenyewe. Miaka tisa nilikuwa nikijua kila asubuhi nitaona nini. Nakiri kwako peke yako kwamba nimeshikwa na hamu ya kuona.

Yape maji asubuhi itakayofuata barua hii, taratibu, shubiri nzima. Kuanzia Jumapili ya tarehe 10 uniachie mpira.

Mwanangu aje Jumamosi ya tarehe 9. Alete kiti, na aje na mtu wa kumsaidia, kwa sababu ngazi ni arobaini na nane na mimi nimenenepa.

Mama